Salamu za Sikukuu: Zawadi Haidaiwi

Ndugu zangu, heri ya sikukuu, na Mungu atufikishe mwaka mpya salama. Nawatakia mapumziko ya kweli na wageni wanaobisha hodi kabla ya kuingia.

Desemba ni mwezi wetu kwa namna yake. Tarehe 3 ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Tarehe 13 ndiyo siku Baraza Kuu lilipopitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, mwaka 2006. Baada ya hapo zinaingia sikukuu, na wafadhili wenye vifurushi na kamera hawakauki mlangoni. Simkatazi mtu kupokea. Mimi mwenyewe hupokea na kushukuru. Mwaka mmoja nililetewa jozi ya soksi nene, nami nina mguu mmoja. Nilicheka mpaka Januari.

Ila zawadi haidaiwi. Aliyekuja mwaka jana asipokuja mwaka huu, huna pa kumshtaki. Haki nayo ina pa kudaiwa, mradi sheria imekutaja. Na hapo ndipo wengi wetu tunapoachwa nje, kwa sababu sheria nyingi za kuzuia ubaguzi zimejengwa na kijimlango cha uani.

Uingereza walitunga ya kwao mwaka 1995, wakamsamehe mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 20. Basi kumkataa mtu kwa sababu ya ulemavu wake kukawa kosa kwenye kampuni kubwa, na kwenye ofisi ya watu kumi kukawa mambo ya kawaida. Mwaka 1998 kiwango kilishushwa hadi 15. Msamaha wenyewe ulifutwa mwaka 2004.

Marekani yaliwakuta mengine. Sheria yao ya 1990 ilikuwa nzuri, lakini mwaka 1999 Mahakama Kuu Kabisa ya huko iliamua kwamba ulemavu wa mtu upimwe akiwa ameshavaa miwani yake au amekwisha kunywa dawa zake. Hebu fikirieni mtu mwenye kifafa: anafukuzwa kazi kwa ajili ya kifafa, anakwenda kushtaki, anaambiwa dawa zinamsaidia vizuri mno, kwa hiyo si mlemavu. Kazini ni mgonjwa, mahakamani ni mzima! Bunge lao lilirekebisha hilo mwaka 2008.

Mwaka huohuo Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya mama mmoja aliyedai kunyanyaswa kazini kwa sababu ya kumlea mtoto mwenye ulemavu. Yeye mwenyewe hakuwa na ulemavu wowote. Mahakama ikasema kinga dhidi ya ubaguzi kazini inamfikia na yeye. Itifaki ya Afrika kuhusu haki zetu, iliyopitishwa mwaka 2018 na kuanza kutumika mwaka 2024, inawataja waziwazi wazazi, wenzi na walezi. Kwa hiyo salamu zangu za pekee ziwaendee ninyi mnaotulea, mnaoomba ruhusa kazini mpaka mnaona haya kuomba tena. Kinga hiyo si yetu peke yetu.

Lakini kipande ninachokipenda kuliko vyote kimo kwenye kifungu cha 2 cha ule Mkataba wa 2006: kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko anayoyahitaji ili ashiriki sawa na wengine, ni ubaguzi. Kisomeni polepole. Kiziwi anaitwa kwenye usaili, anafika mapema, anakaribishwa kwa tabasamu, anapewa maji, ila hakuna mkalimani wa lugha ya alama. Anarudi nyumbani bila kujibu swali hata moja. Hakuna aliyemtukana wala aliyemfungia mlango, na bado amebaguliwa. Mahali ambapo sheria ya nchi haina mstari huo, wakili wake ataulizwa, "Nani alimkosea?" na atakosa wa kumnyooshea kidole.

Najua mtauliza gharama ataibeba nani. Mkataba wenyewe haumtwishi mwajiri mzigo uliopita kiasi, na mara nyingi kinachoombwa ni kidogo kuliko maneno yanayotumika kukikataa: saa ya kuingia kazini isogezwe, meza ihamishiwe ghorofa ya chini, mtihani uongezwe dakika, barua itumwe kwa njia ambayo kompyuta ya asiyeona inaweza kuisoma. Wenye usonji, na wenye maradhi ya akili yasiyoonekana kwa macho, wengi wanachohitaji ni chumba chenye utulivu na bosi asiyefoka. (Hilo la bosi tungefaidi sote.)

Basi katika siku hizi, ukimwalika mtu mwenye ulemavu, usianze kumkisia. Muulize anahitaji nini ili aje akae kwa raha kama wengine, kisha mwamini.

Nanyi wabunge mlio mapumzikoni, pumzikeni, mmechoka. Mkirudi vikaoni, fungueni sheria yenu ya ubaguzi mtafute kila penye neno "isipokuwa", muone ni nani amewekwa nyuma yake.

Sikukuu njema kwenu nyote. Soksi ya pili bado ninayo, haijavaliwa, kama yupo anayehitaji ya kushoto.