Mbegu zinaogelea, vinasaba vimekatika

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa maabara. Kutwa nahesabu mbegu za kiume kwenye darubini. Makala yenu kuhusu ugumba iliishia pale darubini inapoishia: idadi, mwendo na umbo. Mume akivuka milioni 16 kwa mililita na mbegu zikaogelea vizuri, anaambiwa yuko sawa, na macho yote yanamgeukia mke. Lakini vinasaba vilivyokatika ndani ya kichwa cha mbegu, darubini yangu haivioni.

Vinavyovikata mara nyingi ni kemikali kali zitokanazo na oksijeni. Kwa kiasi kidogo mbegu inazihitaji ili irutubishe yai. Zikizidi ndipo balaa. Mbegu ni chembe iliyobanwa mno, haina nafasi ya vimeng'enya vya kutosha kujikinga. Sigara, joto, maambukizi, mishipa iliyovimba kwenye korodani, vyote huzidisha madhara. Mimba inaweza kuharibika tena na tena, na anayepimwa ni mama peke yake!

Kipimo cha vinasaba hivyo kipo. Si cha kila mtu, ila mimba zikiharibika mfululizo, mume akiulizie.

Halafu hizo antioksidanti mlizozisifia, yaani virutubisho vya kuzima kemikali hizo za oksijeni: jaribio la Marekani lililochapishwa 2020 halikuona zikiboresha mbegu wala vinasaba vyake kuliko vidonge visivyo na dawa. Anayeacha sigara leo asikimbilie kupima wiki ijayo. Mbegu huchukua takriban miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa.

Fundi wa maabara