Nani amempima mtuhumiwa akili?

Ndugu Mhariri,

Mtu akimuua mkewe, mzazi wake au jirani, habari huja na mkia uleule: mtuhumiwa "anasadikiwa kuwa na matatizo ya akili". Anayesadiki ni nani? Mara nyingi ni mjumbe wa mtaa, au jirani aliyehojiwa akiwa bado anatetemeka, au polisi saa chache baada ya tukio. Daktari hata hajamwona.

Sheria haina haraka hiyo. Kanuni ya Adhabu humchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mahakama ikiingiwa na shaka, humpeleka mshtakiwa kupimwa akili, kwa kawaida hospitali ya wagonjwa wa akili ya Isanga, Dodoma, na hospitali hupewa siku 42 kuleta ripoti ya maandishi. Gazeti limeshatoa jibu siku ya kwanza.

Nimeuguza wagonjwa wa akili mpaka nikastaafu, na sitadai kwamba hakuna anayedhuru mtu. Wapo. Aliyeacha dawa, anayesikia sauti zikimwambia ndugu zake wanamtilia sumu, kisha akaongezea gongo au bangi, huyo ni wa kuogopwa, na anayeumia kwanza huwa mama yake au mkewe, si mpita njia. Lakini ni wachache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliwafuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitalini; wale wasio na tatizo la ulevi wala dawa za kulevya hawakuwazidi kwa ukatili majirani zao wasio na tatizo hilo. Mwingine wa Chicago, mwaka 2005, ulikuta wenye maradhi makali ya akili wakitendewa uhalifu wa kikatili zaidi ya mara 11 kuliko watu wengine.

Hilo la pili halinishangazi. Anayezurura stendi usiku akiongea peke yake, akigusa tu kitasa cha mlango anapigiwa kelele za mwizi, na mnajua kinachofuata. Wanawake wanaolala kwenye baraza za maduka hubakwa, na mtaa hushtuka tumbo likishaonekana. Habari hizo sizioni ukurasa wa mbele.

Halafu tukumbuke mauaji yaliyotutia aibu mbele ya dunia: vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliokatwa mapanga wakidhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino. Humo mlikuwa na mganga, mteja, bei na mtu wa kukodiwa. Mipango ya namna hiyo haipangwi na aliyechanganyikiwa. Vivyo hivyo ugomvi wa shamba la urithi, na mume aliyekuwa akimpiga mkewe miaka yote huku ukoo ukimwambia mke avumilie. Tukishaandika "akili", hakuna tena anayeuliza ukoo ulikuwa wapi.

Na yupo msomaji wenu anayemeza vidonge vyake kila jioni, asubuhi anaingia darasani kufundisha. Akisoma habari hizo anaificha kadi ya kliniki, mwalimu mkuu asije akaiona. Wengine huishia kuacha kliniki kabisa, na hapo ndipo ugonjwa hurudi.

Ombi langu ni dogo. Kama hakuna daktari aliyesema, msiandike. Na kesi itakaporudi mahakamani na ripoti ya Isanga, ikisema mshtakiwa ni mgonjwa au ni mzima, tupeni habari hiyo nayo, hata iwe ukurasa wa 9.

Muuguzi mstaafu,
Dodoma