Barua ya wazi kwa Kamishna wa Maadili: Nyumba ndogo imejengwa kwa pesa ya nani?

Mheshimiwa Kamishna,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Nakuandikia kuhusu umbea, ingawa najua Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma haijaundwa kupokea umbea.

Zamani habari za kiongozi na hawara yake zilinong'onwa barazani, au zikaishia kwenye magazeti ya udaku. Siku hizi mtoto wa sekondari anayo picha kwenye simu kabla mwenye ndoa hajajua. Wapo wanaotaka uwawajibishe wazinzi wote wenye vyeo. Mimi simo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mke au mume haki ya kumdai mgoni fidia mahakamani. Haki hiyo ni ya mwenye ndoa. Jirani haimhusu, mtaa mzima ndiyo kabisa.

Tena umbea wenyewe una upendeleo. Mbunge mwanamume akisemwa, watu hucheka, na wengine humsifu chinichini kwamba ni kidume. Akisemwa mbunge wa viti maalumu, swali linageuka: kiti alikipata kwa nani?

Jirani zetu walishapitia haya. Machi 2009 Rais Mwai Kibaki aliwaita waandishi wa habari, mkewe Lucy akiwa kando yake, akatangaza kwamba ana mke mmoja tu. Januari ya mwaka huohuo alikuwa ametangaza njaa kuwa janga la taifa. Waulize watu wanakumbuka tangazo lipi.

Hata hivyo, kuna kipande cha umbea ambacho ni haki yetu kukijua. François Mitterrand, rais wa Ufaransa kuanzia 1981 hadi 1995, alikuwa na familia ya pili kwa siri. Mama na binti waliishi Paris katika nyumba ya serikali, wakilindwa na askari wa serikali. Mpaka picha za binti huyo zilipochapishwa 1994, walipakodi wengi walikuwa wakiigharimia nyumba ndogo wasiyoijua. Mapenzi yalikuwa yake, ankara ilikuwa yao.

Kwetu, Azimio la Arusha la 1967 lilimbana kiongozi pamoja na mwenzi wake: asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yakalegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991. Sasa sheria ya maadili ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali zake, za mwenzi wake wa ndoa na za watoto wao wadogo. Je, Mheshimiwa, ghorofa lililoandikwa jina la kimada linaingia ukurasa gani wa fomu? Anayemwogopa mkewe na anayeiogopa fomu yako wanaficha mahali pamoja.

Kwa hiyo wachunguzi wako wanapohakiki matamko, wafike na huko. Kiwanja kalipia nani? Gari la serikali linalala wapi Ijumaa? Na masharti ya mwananchi kulikagua daftari la matamko yalegezwe, tulisome wenyewe badala ya kubahatisha kwenye makundi ya WhatsApp. Mwisho wa kuwasilisha matamko ni 31 Desemba. Muda wa kuongeza swali moja kwenye fomu upo.

Wako,
Mlipakodi, Mbagala