Samaki wa Kwenye Sukari

Muheza,
Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi sana kwako na kwa shemeji, na watoto wote wasalimie mmoja mmoja. Huku hatujambo. Mama goti lake ni lile lile, ila mdomo haujambo kabisa.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi na namba yangu unayo. Nilianza kukuandikia kwenye simu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Hili jambo lina zaidi ya miaka 40, sikutaka ulisome umesimama kituo cha daladala.

Nimekuja kwa mama tangu Jumatano. Kesho yake asubuhi nikaingia jikoni kuchemsha chai, nikafungua kopo la sukari. Mwanahawa! Sukari imesawazishwa kama sakafu ya saruji, na katikati kachorwa samaki. Yule yule. Duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni, mama anakaa na msichana mmoja tu wa kumsaidia, na bado anaichora sukari yake. Nilisimama na kijiko mkononi nikajikuta niko Magomeni, kwenye ile nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na baba yako kwenye kigoda akipigapiga redio.

Ile redio nayo! Betri zikiisha nguvu tunazianika juu ya bati la choo, jioni zinarudishwa, tunapata habari na nusu ya matangazo ya vifo kabla haijaanza kukoroma. Na usiombe ziibwe hapo juu, maana walinzi wake tulikuwa mimi na wewe.

Wanangu nikiwasimulia wanadhani naongeza chumvi. Nimewaambia tulikuwa tunaomba moto kwa jirani, wakacheka. Wanajua kuomba chumvi, kuomba kitunguu, lakini moto? Nikawaeleza: kiberiti hakuna, kwa hiyo unatumwa chumba cha pili na kifuu cha nazi, unawekewa kaa moja jekundu, unarudi mbio huku unalipuliza lisizime. Ukijikwaa ukalimwaga, unaanza upya kwa mwingine, na unasimangwa. Mama Chausiku alikuwa hatoi kaa bila kuuliza leo mnapika nini. Kwa moto wake mmoja alijua vyungu vyote vya nyumba ile.

Na foleni za duka la kaya, lile la bidhaa za mgao. Wewe jiwe lenu lilikuwa kipande cha tofali chenye doa la rangi ya buluu, letu lilikuwa jiwe tu, ndiyo maana lilikuwa linasukumwa nyuma kila siku. Alfajiri tunakwenda kuyapanga, tunarudi kulala, saa mbili mama zetu wanakwenda kusimama walipo mawe yao. Saa nyingine duka halifunguliwi kabisa. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, Mwalimu akatuambia tufunge mikanda miezi 18, na baba yangu, wewe unamjua alivyokuwa mtu wa hesabu, akawa anaweka alama kwenye kalenda ukutani. Ilipopita ya 18 akaendelea mpaka 20, kisha akaigeuza ile kalenda tukafunikia daftari.

Sabuni ilipopotea tulifulia majani ya mpapai. Ugali ulipokuwa wa unga wa Yanga, yaani wa mahindi ya njano, kaka yako mshabiki wa Simba aligoma kula siku nzima, jioni njaa ikambadilisha timu. Lakini kwangu mimi hakuna kilichouma kama sukari. Chai bila sukari unapewa pipi moja uiweke mdomoni uvumilie nayo kikombe kizima, na mimi pipi yangu ilikuwa imekwisha kabla chai haijapoa.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe.

Kopo la mama lilikuwa lile la maziwa ya unga, lenye kibonyeo ubavuni, analiweka juu ya kabati la vyombo nyuma ya pasi ya mkaa. Akishachota anapitisha mgongo wa kijiko mpaka sukari inalala, halafu kwa ncha ya mpini anachora samaki kwa mkato mmoja: mgongo, tumbo, mkia. Atakayegusa, samaki kafa. Mimi nikajifunza kumchora. Nilifanya mazoezi mavumbini uani, wewe ukaniuliza mbona nachora samaki tu, nikakwambia tumefundishwa shule. Nachota vijiko viwili, nalaza, nachora. Kimoja nakula mwenyewe, kingine nakuja kukumiminia kiganjani. Nilikwambia nimepewa na shangazi. Hukuwahi kuuliza ni shangazi gani huyo mwenye sukari wakati Dar nzima haina.

Ulikuwa mwaka 1983, kipindi cha msako wa wahujumu uchumi. Nakumbuka kwa sababu ni wiki ile ile tulikuta miche ya sabuni imetupwa mtaroni usiku, mizima mizima, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kuiokota. Mama yako aliitazama mpaka machozi yakamlenga. Watu walikuwa wanaogopa hata kuonekana wanacho. Na wewe siku hiyo ukapita mbele yake na chembe za sukari zimeganda kwenye kola ya gauni.

Sitayarudia yaliyofuata, wewe ndiye uliyekula ule mwiko. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wetu. Nilisikia unasema, "Nimepewa," na mama yako anauliza, "Na nani?" nawe ukanyamaza. Siku saba hukuruhusiwa kuja kwetu. Nikawa nafagia uani peke yangu kwenye zamu yetu, na sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na moja, ndiyo, lakini mtoto wa miaka kumi na moja anajua.

Basi Alhamisi nikanywa chai yangu, nikasawazisha sukari, nikamchora samaki kama zamani. Mama akaja anajikongoja, akafunua kopo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bado unamtia jicho," akasema.

Mwanahawa, mama hajawahi kumchora samaki wake jicho. Ni mimi niliyekuwa namtia, miaka yote ile, naona nimempatia kweli kweli. Alijua tangu siku ya kwanza. Nikamuuliza, sasa mbona uliacha mwenzangu apigwe? Kicheko kikaisha. Akasema alikuwa bombani, aliporudi na ndoo ulishapigwa na umelala. Akasema kwenda kumwambia mama yako siku zile kwamba mwanangu ndiye mwizi, na mtoto wake kapigwa bure, ulimi haukumwinukia. Usiku akajaza bakuli la bati sukari iliyobaki kwenye kopo, akaifunika na upindo wa khanga, akampelekea. Hawakusema kitu. Asubuhi sisi tukanywa uji wa chumvi, na hilo nalikumbuka, nilidhani ndiyo adhabu yangu.

Mimi sikumbuki kuliona hilo bakuli likitoka. Mama anasema lilikuwa na ua jekundu pembeni na halikurudi, na hajalidai. Mama yako alikwisha tangulia mbele ya haki, siwezi kumuuliza yeye. Kwa hiyo nakuuliza wewe: asubuhi ile ulikunywa chai ya sukari? Na kama ulikunywa, alikwambia imetoka wapi?

Na unisamehe. Nilitaka neno hilo liwe juu ya barua, limeangukia huku chini.

Kesho nampa kondakta wa basi la asubuhi kiroba cha machungwa akuletee pamoja na barua hii. Ni 60, nimeyahesabu na mama. Yakipungua, kabla hujamsema mtu, nipigie kwanza.

Wako,
Rehema