Umelipia Diski Kubwa Zaidi, Mbona Seva Bado Inasema Imejaa?

Simu za namna hii tunazipokea sana. Mteja ana mashine pepe ya Ubuntu, ile ambayo wengi mnaiita VPS, yenye diski ya GB 25. Mfumo wa ankara umegoma, barua pepe haziingii, MySQL, programu ya hifadhidata, haiwaki. Ameingia kwenye paneli ya kampuni inayomkodisha seva, akalipia diski ifike GB 50, akaizima mashine na kuiwasha. Anaandika `df -h`, amri inayoonyesha diski imetumika kiasi gani, jibu ni lilelile: 100%. Anatuuliza kama ameibiwa.

Hajaibiwa. Nafasi ipo, ila mashine haijaanza kuitumia. Ndani ya mashine pepe kuna matabaka matatu: diski yenyewe, patisheni iliyokatwa kwenye diski hiyo, na mfumo wa faili uliomo ndani ya patisheni. Paneli hupanua tabaka la kwanza tu. Ni kama umenunua kiwanja cha jirani na ukuta wa kati bado umesimama. Andika `lsblk` utauona ukuta huo: mstari wa `vda` unasema 50G, na chini yake `vda1` bado iko kwenye 25G.

Sasa utauliza, mbona kwa rafiki yako ilijipanua yenyewe? Ni kweli, seva nyingi za wingu huja na programu ya cloud-init ambayo hufanya kazi hii mashine inapowaka. Lakini chombo inachokitumia, `growpart`, huhitaji kuandika faili chache za muda ndani ya `/tmp`. Diski ikiwa imejaa pomoni, hata hizo hazipati pa kukaa, na kazi inakufa kwa ujumbe wa “No space left on device”. Yaani diski inashindwa kupanuliwa kwa sababu imejaa. Ndiyo maana sisi huanza kwa kupunguza, hata kama mteja keshalipia nafasi mpya.

Pa kuanzia ni mahali pasipo na hatari. `sudo apt clean` hufuta nakala za vifurushi vilivyopakuliwa wakati wa kusakinisha programu; programu zenyewe haziguswi. `sudo journalctl --vacuum-size=200M` hupunguza kumbukumbu za zamani za mfumo. Mara nyingi hizo mbili zinatosha kukupa pumzi. Kisha chukua bekapu, uiweke nje ya mashine hiyo, ndipo uguse patisheni:

`sudo growpart /dev/vda 1`
`sudo resize2fs /dev/vda1`

Angalia vizuri: kwenye amri ya kwanza kuna nafasi kati ya `vda` na 1, kwenye ya pili hakuna. Jina la diski kwako linaweza kuwa `sda` au lingine, lifuate kama `lsblk` inavyolionyesha. Amri ya pili ni ya ext4, aina ya mfumo wa faili ambayo kwa kawaida utaikuta kwenye Ubuntu. Kwenye Rocky au AlmaLinux, ambazo ni Linux za aina nyingine na kwa kawaida utakuta mfumo wa faili wa XFS, tumia `sudo xfs_growfs /`. Ukiona neno `lvm` kwenye `lsblk`, kuna tabaka jingine la katikati na hatua zinaongezeka. Hapo ni afadhali utuite. Kazi yote hii hufanyika mashine ikiwa inafanya kazi, wateja wako hawakatiwi huduma.

Ila kupanua bila kujua nini kilijaza ni kuahirisha tatizo. Tafuta mlaji:

`sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h`

Mstari wa mwisho kabisa, wa `/`, ni jumla ya yote; folda kubwa kuliko zote ni ile iliyo juu yake. Ingia humo, rudia, mpaka ulifikie faili lenyewe. Mara nyingi safari inaishia `/var/log`, au `/var/lib/docker` (makao ya Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena), au kwenye bekapu za zamani ambazo skripti inayojiendesha usiku inazitengeneza na hakuna anayezifuta.

Kuna kisa kimoja kinachowachanganya hata mafundi. Mtu amekuta logi, yaani faili la kumbukumbu za programu, ya GB 12, kaifuta kwa `rm`, na `df` haijapungua hata kidogo. Programu iliyokuwa ikiandika kwenye logi hiyo bado imeishikilia. Jina limeondoka, data haijaondoka. `sudo lsof +L1` itakuonyesha programu hiyo. Iwashe upya, nafasi inarudi papo hapo. Siku nyingine usiifute logi inayotumika, imwage tu: `sudo truncate -s 0` ikifuatiwa na jina la faili.

MySQL tunaiomba sana muiheshimu. Toleo la 8.0 huhifadhi logi za mabadiliko, mafaili yanayoanza na `binlog`, kwa siku 30 usipoibadilisha. Kwenye duka lenye miamala mingi, hizo hujaza diski ndogo haraka. Usizifute kwa mkono. Ingia ndani ya MySQL utumie `PURGE BINARY LOGS`, baada ya kuhakikisha hakuna seva nyingine inayozisoma. Na faili la `ibdata1` usiliguse kabisa, hata liwe kubwa kiasi gani. Ni sehemu ya hifadhidata yako yenyewe. Tahadhari hiyohiyo ni ya Docker: kabla ya kuongeza `--volumes` kwenye amri yake ya kusafisha, `docker system prune`, jua kwamba humo ndimo data za programu zako zinamokaa.

Wenye Windows Server, mkifungua Disk Management mkakuta Extend Volume imefifia, sababu ya kawaida ni patisheni ya Recovery iliyokaa katikati ya C: na nafasi mpya. Inaweza kuhamishwa, lakini si kazi ya kujaribia kwenye seva ya ofisi saa za kazi.

Na ikiwa `df -h` inaonyesha nafasi ipo huku mashine ikisisitiza imejaa, andika `df -i`. Pengine kilichokwisha ni idadi ya mafaili mashine inayoweza kubeba. Mara nyingi ni vifaili vidogo vidogo vya sesheni za PHP, vinavyotengenezwa na tovuti kila mtu anapoitembelea.

Ukitutumia ujumbe kuhusu tatizo hili, tubandikie majibu ya `lsblk`, `df -h` na `df -i`, pamoja na kutuambia bekapu yako ya mwisho ni ya lini na iko wapi. Nywila usitume kwenye ujumbe huo.