Miche yetu ya majini
Ndugu walimu na wazazi,

Miche ya nyasi za majini ambayo wanafunzi wameilea kwenye matangi ya maji darasani tangu ikiwa mbegu sasa imetoa majani marefu, jambo lililonifurahisha sana. Tafadhali taa ziwashwe kila asubuhi, na mwani unaojishika kwenye majani ufutwe taratibu kwa vidole, kwa sababu mwani ukiyafunika majani, mmea hukosa mwanga na kufa, kama unavyokufa mtoni maji yanapojaa tope. Tutakapoihamishia mtoni, mizizi yake itashikilia udongo wa chini na samaki wachanga watapata maficho. Maji ya matangi yasimwagwe mtoni kamwe, yasije yakapeleka viumbe wageni. Wanafunzi wenyewe ndio watakaopanda. Sisi tutasimamia usalama wao.