Namba yangu imefikaje huko?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita.

Nilikuwa kwenye daladala natoka Mbagala naenda Kariakoo, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba mwingine umeshika pochi, simu ikaita meseji. Nikajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kufungua nakutana na jina la fundi wangu wa cherehani, majina yote matatu, eti ni tapeli amekopa akakimbia, nimwambie alipe haraka la sivyo picha yake itasambazwa. Jamani mimi sijamdhamini mtu! Nampigia, hapatikani. Jioni shoga yangu naye kapata hiyohiyo, mchungaji wake kapata, hadi muuza mkaa. Kumbe fundi alikopa 80,000 kwenye app ya mikopo akachelewa siku tatu tu, na siku anaiweka ile app ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu, akabonyeza Ruhusu, na nani atakaa asome yale maandishi wakati mtoto karudishwa nyumbani ada?

Mtaani wanamsema yeye kwa kukopa. Mimi kinachoniuma ni kingine, sijakopa, sijabonyeza kitu, namba yangu wameipata wapi? Kwake. Yaani unaweza ukajibana weee, simu ina nywila, profaili umeweka picha ya ua, alafu mtu mmoja tu aliyekusevu "Mama Junior Kitenge" anakutoa bila hata yeye kujua.

Na nisijifanye mtakatifu. Usiku ule nikaingia kwenye setingi za simu yangu nikakuta app ya tochi nimeiruhusu isome majina. Tochi! Inatafuta nini kwa shangazi yangu wa Singida? Nimeifuta, ila ilishakaa humo miaka miwili.

Zamani nilikuwa na kablogu ka mapishi, 2018 zilipokuja zile kanuni za maudhui ya mtandaoni na ada za leseni zinafika milioni mbili na zaidi nikaona isiwe tabu, nikaacha. Ila kabla sijaacha niliweka namba ya mama mdogo ili watu waagize maandazi. Sikumuuliza, nilijua namsaidia. Maandazi aliuza kweli, lakini mpaka leo kuna wanaume wanampigia saa sita usiku, na blogu haipo! Namba ikishatoka imetoka. Hata daftari la wakala ni hivyohivyo, unaandika jina, namba na kiasi ulichotoa huku aliye nyuma yako kwenye foleni anakuchungulia begani, alafu jioni unapata "mambo mrembo" hujui imetoka wapi.

Najua sheria tunayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na Tume yake ipo. Benki Kuu nayo Novemba 2024 ilitangaza app 69 zinazokopesha bila leseni, hongera zao. Swali langu ni moja, app ikishafungwa yale majina iliyokwishayasomba anayafuta nani? Na mimi ambaye siyo mteja wao, nikalalamike kama nani? Wahusika watujibu hapahapa gazetini, kwa Kiswahili cha kawaida, siyo kile cha vigezo na masharti.

Fundi mpaka leo hapatikani. Kibanda kina kufuli, majirani wanasema yupo ila anaona haya kukutana na wateja. Kama analisoma gazeti hili, ndugu yangu deni lako halinihusu hata kidogo, fungua tu, kitenge changu cha sendofu kipo humo ndani na shughuli ni Jumamosi.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam